Jua la Machi na mbegu za mchicha

 

 Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu hali ya hewa mpaka muda ukatuishia, na maswali bado yanaingia. Si ajabu. Wiki mbili zilizopita watu wa hapa Leicester walikuwa nje na fulana, wanachoma nyama, watoto wanakula aiskrimu. Juzi asubuhi tumeamka tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Na yote hayo ni ndani ya Machi moja.

Kati ya maswali yote nimechagua moja, kwa sababu linabeba mengine yote ndani yake. Limetoka kwa dada mmoja ambaye baba yake ni mtu wa Lushoto. Ameniruhusu niliweke hapa, nimefupisha kidogo tu:

“Habari dada. Baba ana shamba la kaunsili tangu mimi niko shule ya msingi. Mwaka juzi alipata kiharusi, sasa anatembea kwa fimbo, na shamba limejaa magugu. Kaunsili wametuma barua kwamba watakuja kukagua mwisho wa Aprili. Wakikuta halijalimwa wanalichukua. Nyumbani tuna chupa ya mbegu za mchicha ambazo Baba alikuwa anavuna mwenyewe kila mwaka. Imebaki robo. Lile jua lilipotoka nilitaka kuzimwaga zote, ili wakija wakute shamba la kijani. Baba akasema, ‘Ngoja.’ Siku hizi haongei sana, kwa hiyo hakusema ningoje nini. Nipande au nisubiri?”

Dada, jibu fupi: msikilize Baba. Hiyo chupa iache kabatini kwanza. Ila kungoja hakumaanishi kukaa, maana mwisho wa Aprili si mbali na kuna kazi nyingi ya kufanya leo. Jibu refu ndiyo hili hapa, na wengine wote mnaoangalia dirishani mkijiuliza “leo au kesho?”, sogeeni msikilize.

Baba anangoja nini?

Kwa wazazi wengi kutoka Tanzania na Kenya, Machi ni mwezi wa kupanda. Masika inaanza karibu na wakati huo na kuendelea mpaka Mei. Udongo wa kule una joto tayari mwaka mzima. Kinachokosekana ni maji, kwa hiyo mkulima anaangalia mawingu. Mvua ikishika, anapanda.

Hapa mambo yamegeuka. Maji yapo, mara nyingi yapo mpaka yanakera. Kinachokosekana ni joto, na simaanishi joto la hewa, namaanisha joto la udongo. Hilo ndilo analongoja Baba yako.

Si unajua ukiweka sufuria kubwa ya maji jikoni, moto unawaka lakini maji yanachelewa kupata moto? Udongo uliolowa maji ya mvua za miezi minne ya baridi ni sufuria hiyo hiyo. Jua la siku tatu linakupasha wewe ngozi, linapasha ukuta, linapasha kiti cha bustani. Udongo wa mfinyanzi, ule mzito unaonata kwenye viatu, wenyewe bado uko baridi kama friji. Udongo wa kichanga unapata joto haraka zaidi kwa sababu haushiki maji mengi.

Sasa mbegu haijali simu yako imesema nini. Inajali pale ilipolala. Kwa vipimo vya jumla:

- Sukuma wiki, njegere na spinachi zinaanza kuota udongo ukifika kama nyuzi 7 za Selsiasi, polepole lakini zinaota.
- Mahindi na maharage ya kawaida yanataka 10 mpaka 12, na zaidi ya hapo ndiyo yanafurahi.
- Mchicha unataka 18 kwenda juu. Chini ya hapo unalala tu kwenye matope, na mbegu inayolala kwenye matope baridi inaoza.

Kipimajoto cha udongo si ghali. Kichomeke kina cha sentimita 10, asubuhi, siku nne au tano mfululizo. Usipime saa nane mchana jua likiwa kali, hapo utajidanganya mwenyewe. Huna kipimajoto? Waingereza wa zamani wana hadithi kwamba mkulima alikuwa anavua suruali na kukaa chini. Akiweza kukaa bila kuruka, wakati wa kupanda umefika. Sisi tutumie mkono tu jamani, tusije tukaitiwa polisi.

Kwa nini Machi hii haiaminiki

Tuangalie miaka ya karibuni. Mwisho wa Februari 2018 upepo wa mashariki ulileta theluji nchi nzima, ile waandishi wa habari waliyoibatiza “Beast from the East”. Watu walikwama barabarani na shule zikafungwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Februari 2019, Kew Gardens kule London ilifika nyuzi 21.2. Hiyo ilikuwa rekodi ya joto kwa majira ya baridi Uingereza. Tarehe ni karibu zile zile, mwaka mmoja unavaa koti mbili, mwaka unaofuata unavaa kandambili.

Halafu 2021. Machi ilimalizika na siku za joto, watu wakapanda. Aprili ikaja na asubuhi za barafu moja baada ya nyingine. Kwa wastani wa Uingereza yote mwezi ule ulikuwa na siku 13 za jalidi ya hewa, nyingi kuliko Aprili yoyote ndani ya miaka 60. Ufaransa mwezi huo huo ilikuwa msiba. Mizabibu na miti ya matunda ilikuwa imeshachipua kwa sababu ya joto la mwisho wa Machi, na jalidi ikaikuta vichipukizi viko nje. Wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mashamba ili kupasha hewa, na bado wengi walipoteza mavuno.

Na usije ukafikiri mvua ndiyo ya kutegemea. Machipuko ya 2025 yalikuwa na jua kuliko yote tangu Uingereza ianze kuweka rekodi, na mvua ilikuwa chache mno. Watu walikuwa wanabeba ndoo Aprili.

Kwa hiyo ukiuliza “kawaida ya hapa ni ipi?”, jibu ni kwamba kisiwa hiki kimekaa njia panda ya pepo. Upepo wa magharibi unatoka Atlantiki, una unyevu na ni wa vuguvugu. Wa kusini unapanda na joto kutoka Ufaransa na Uhispania. Wa kaskazini unatoka Aktiki. Wa mashariki, wakati wa baridi, unatoka bara ambako ardhi imeganda mpaka Siberia. Machi na Aprili pepo hizi zinapokezana haraka, ndiyo maana wiki moja unapata misimu mitatu.

Hapa wazee wetu wana kitu cha kutufundisha. Watu wa pwani waliendesha maisha yao yote kwa upepo. Kaskazi ikivuma, majahazi yanashuka kutoka Arabuni. Kusi ikishika, yanarudi. Hakuna nahodha aliyeuliza tu “leo tarehe ngapi?” Aliuliza upepo unatoka wapi. Basi na wewe fungua simu yako, acha kuangalia kile kijua cha njano peke yake, angalia mshale wa upepo. Jua na upepo wa kusini magharibi, nenda kapalilie kwa raha. Jua na upepo wa kaskazini, jua hilo ni la kupigia picha.

Usiku mmoja unatosha

Ngoja nieleze jalidi vizuri, kwa sababu wengi wetu tunaogopa theluji kumbe theluji si adui mkubwa.

Mchana ardhi inapokea joto. Usiku inalirudisha juu. Mawingu yakiwepo, yanafanya kazi ya blanketi, joto halipotei haraka. Mbingu ikiwa wazi, nyota zinawaka, upepo umetulia, joto lote linakwenda zake. Hewa baridi ni nzito, inashuka chini na kutiririka kama maji mpaka bondeni au kwenye ukuta, inatulia pale. Ndiyo maana kona moja ya shamba inaweza kuungua na kona nyingine ikabaki salama.

Maji yaliyo ndani ya jani yakiganda yanaharibu chembe zake. Asubuhi jani linaonekana la kawaida, likiyeyuka linalegea na kuwa jeusi kama limechemshwa. Mchicha, maboga, maharage, nyanya na pilipili hazina kinga ya jambo hili. Usiku mmoja tu, kwisha habari.

Na hapa kuna mtego: utabiri wa simu unatoa joto la hewa linalopimwa mita 1.25 kutoka chini. Mche wako haupo mita 1.25, upo sentimita 5. Simu ikisema nyuzi 3 na mbingu ni wazi, hesabu kwamba kwenye majani kunaweza kuwa sifuri au chini yake.

Kwa Leicester na maeneo ya katikati ya Uingereza, hatari hii inaendelea mpaka katikati ya Mei. Wajerumani wana siku zao wanaziita za watakatifu wa barafu, kuanzia tarehe 11 mpaka 15 Mei. Wakulima wao wengi hawatoi nyanya nje kabla hazijapita. Si kanuni ya sayansi, ila ni akili ya watu waliounguliwa mara nyingi.

Na tusijidai kwamba jalidi ni kitu cha wazungu. Waulize wakulima wa viazi Nyandarua, wa chai Kericho na Limuru, au watu wa Njombe. Wanaijua vizuri. Baba wa Lushoto naye amekulia milimani, anajua baridi ya asubuhi. Ile “ngoja” yake haikuanza jana.

Cha kupanda sasa hivi

Haya, tuingie shambani. Wakaguzi wakija mwisho wa Aprili wakute kitu, na wewe upate chakula. Hivi vinaweza kuingia ardhini Machi na Aprili bila kukufia:

*Viazi.* Weka mbegu zake dirishani kwanza, macho yakiangalia juu, mpaka vitoe vichipukizi vifupi vinene. Halafu panda kina cha sentimita 10 hivi. Waingereza wengi hupanda siku ya Ijumaa Kuu, jambo linalochekesha kidogo, kwa sababu Ijumaa Kuu inaweza kuwa tarehe 20 Machi au ikachelewa mpaka 23 Aprili. Wewe fuata udongo. Majani yakichomoza na usiku ukatangazwa baridi, yafukie na udongo. Yatatoka tena.

*Vitunguu.* Nunua vile vidogo vya kupanda. Visukume ardhini, ncha ionekane kidogo tu. Ndege wanapenda kuving’oa, kwa hiyo pitia kila asubuhi uvirudishe.

*Njegere na ful.* Ful ni yale maharage mapana ambayo Waarabu wanayala asubuhi. Yanavumilia jalidi kabisa. Kwa mkaguzi ndiyo rafiki yako, maana yakiota yanasimama mistari mizuri inayoonekana kutoka getini.

*Sukuma wiki.* Hapa kuna mshangao kwa wengi. Tunaiona kama mboga ya nyumbani, lakini ni ndugu wa kabichi, na kabichi asili yake ni Ulaya. Yaani sukuma ndiyo imerudi kwao! Sia kwenye trei sasa, mahali penye kivuli cha kuzuia upepo, pandikiza Aprili. Ikishakua, baridi ya Novemba inaifanya iwe tamu zaidi, kwa sababu mmea unaongeza sukari kwenye majani ili usigande. Dukani tafuta pakiti iliyoandikwa collard. Na nunua wavu, njiwa wa hapa wanaijua sukuma kuliko sisi.

Ndani ya nyumba, dirishani, anza nyanya, pilipili na nyanya chungu. Hizi zinahitaji muda mrefu, ukingoja Mei umechelewa. Tatizo la dirishani ni mwanga. Miche inarefuka kama uzi ikiutafuta. Geuza trei kila siku, na usiku usiiache kati ya pazia na kioo, pale ni baridi.

Bamia? Bila nyumba ya kioo, usijisumbue sana. Nunua dukani, Mungu atakusamehe.

Mbegu za kwenye chupa

Sasa tuje kwenye robo chupa ya Baba. Hapa nakuomba uwe mchoyo.

Mbegu za mchicha zikikaa pakavu, gizani na baridi kidogo, zinaishi miaka kadhaa, ila kila mwaka zinazoota zinapungua. Hizo zina angalau miaka miwili tangu mavuno ya mwisho. Kwa hiyo kwanza zipime. Hesabu mbegu 20. Ziweke juu ya tishu ya jikoni iliyoloweshwa, ndani ya kikopo chenye mfuniko, karibu na boila au mahali popote penye joto. Ndani ya siku tano au wiki utaona vimizizi vyeupe. Zikiota 16, una mali. Zikiota 8, utasia mara mbili ya kawaida. Zikiota 2, hiyo chupa ni dharura, na mwaka huu kazi yako ni moja tu, kupata mbegu mpya.

Pili, gawa mafungu matatu. Fungu la kwanza sia kwenye trei ndani ya nyumba karibu na tarehe 20 Aprili. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisidondoke lundo, nyunyiza, funika na udongo mwembamba sana, kama unavyonyunyiza chumvi. Fungu la pili ni la kusia moja kwa moja shambani mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Fungu la tatu linarudi kabatini. Haliguswi. Hata mgeni akija, haliguswi.

Tatu, usitoe miche nje siku moja tu ukaiacha. Izoeze. Siku ya kwanza saa moja kivulini, kesho mbili, mpaka baada ya siku 10 hivi inalala nje. Mche uliokulia sebuleni ukipigwa na upepo ghafla unaanguka, kama sisi tulivyokuwa tukienda likizo Tanga na kupigwa na jua la saa sita.

Baada ya hapo mchicha utakushangaza. Juni Leicester ina karibu saa 17 za mwanga kwa siku, wakati Lushoto ni kama 12 mwaka mzima. Mchicha ni mmea unaopenda joto na mwanga, ukivipata unakimbia. Uliosiwa mwisho wa Mei unaweza kuanza kuchumwa baada ya wiki tano au sita. Tatizo litakalobaki ni konokono wasio na gamba. Nenda jioni na tochi, waokote mmoja mmoja.

Na hapa ndipo kazi kubwa: chagua mimea mitano au sita iliyo bora, ifunge kitambaa chekundu, na mtu yeyote asiichume. Iache itoe masuke. Yakikauka, kata, yakaushie ndani juu ya gazeti, pukuchua kwa mikono, kisha pepeta. Hapo utamhitaji Baba. Kupepeta hakufundishwi kwa maandishi, kunafundishwa kwa mtu aliyeshika ungo. Anaweza kuifanya akiwa amekaa kitini, na mkono mmoja ukiwa mzito, mwingine unaelekeza.

Kwa wasio na chupa ya urithi: mchicha upo hapa kwa majina ya wenzetu. Kwenye maduka ya Wabangladeshi tafuta lal shak. Wajamaika wanauita callaloo, na pakiti nyingi za mbegu zimeandikwa hivyo. Ndugu zetu wa Congo na Burundi wanasema lenga-lenga, wa Uganda na Rwanda wanasema dodo. Majina mengi, sufuria moja. Na tafadhali, usimwambie shangazi akufichie mbegu ndani ya begi akija kutembea. Mbegu za kupanda zinazotoka nje zinatakiwa cheti cha afya ya mimea, na sababu yake ni ya kweli: magonjwa ya mimea yanasafiri.

Ile barua

Mwisho, barua ya kaunsili. Usiijibu kwa mbegu, ijibu kwa barua.

Andika leo, wala usisubiri ukaguzi. Eleza kwamba mpangaji ameugua, taja ni lini, sema nani sasa analima, na omba muda. Ambatisha picha za shamba lilivyo leo na za wiki ijayo ukishaanza kufyeka. Wakaguzi wengi wanachotaka kuona ni kwamba kuna mtu anashughulika.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mashamba haya ni ya zamani katika sheria za hapa. Sheria ya mwaka 1908 ndiyo iliyozipa kaunsili wajibu wa kuyatoa pale watu wanapoyahitaji. Shamba kamili kwa kipimo cha kale ni rodi 10, kama mita za mraba 250. Lakini linakodishwa kwa mtu, na mahali pengi halirithiwi. Baba akiliachia, linaweza kwenda kwa anayefuata kwenye foleni, na foleni za miji mingi ni za miaka. Kwa hiyo kwenye barua hiyo hiyo uliza kama jina lako linaweza kuingizwa pamoja na la Baba, kama mpangaji mwenza. Uliza sasa, yeye akiwa bado anaweza kuweka saini.

Na kuhusu magugu, huna haja ya kulima mita 250 wikendi mbili ukavunjika mgongo. Fyeka yote yawe mafupi. Chagua theluthi moja ya shamba, ilime vizuri, panda viazi, vitunguu na ful. Sehemu iliyobaki funika na makaratasi ya boksi yasiyo na plastiki, juu yake mwaga samadi au mboji. Magugu mengi yatakufa gizani, na Juni utapasua mashimo humo upande maboga kwa ajili ya majani yake. Kutoka getini litaonekana shamba lenye mwenyewe.

Siku ya kwanza kwenda, nenda na Baba. Chukua kiti cha kukunja na chupa ya chai ya tangawizi. Si kwa ajili ya kumpumzisha, ni kwa ajili ya kuuliza: wapi hapa hewa baridi inatulia? Upande upi maji yanasimama? Konda gani ya mwaka gani iliungua na barafu? Miaka yote hiyo imo kichwani mwake, na haimo kwenye simu ya mtu yeyote.

Ukitangaziwa usiku wa baridi

Kata hii uibandike kwenye friji:

1. Mwagilia udongo mchana. Udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu.
2. Jioni kabla jua halijazama, funika miche. Kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani kinasaidia nyuzi mbili au tatu. Kanga kuukuu au shuka pia inafanya kazi, iinue kwa vijiti isilale juu ya majani.
3. Mche mmoja mmoja unaweza kuuvalisha chupa ya plastiki iliyokatwa kitako.
4. Asubuhi funua. Ukisahau na jua likatoka, miche itachemka.
5. Vyungu visogeze karibu na ukuta wa nyumba. Ukuta unatoa joto usiku.

Maneno ya leo

*Jalidi:* ile barafu nyembamba nyeupe inayoganda kwenye majani na vioo usiku. Theluji inaanguka kutoka juu, jalidi inajitengeneza pale pale.

*Kusia:* kumwaga mbegu ndogo kwenye trei au kitalu ili ziote. Ukishahamisha miche kwenda shambani, hapo *unapandikiza*.

*Mche, miche:* mmea mchanga. Usichanganye na mti.

*Samadi* ni kinyesi cha mifugo kilichokomaa. *Mboji* inatokana na majani na maganda yaliyooza.

*Kupukuchua:* kutoa punje kwenye suke kwa vidole. *Kupepeta:* kurusha punje kwenye ungo ili makapi yaende na upepo.

*Machipuko:* majira haya tuliyomo. Ukiwauliza wazee wengi watakuambia Kiswahili kina masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Ni kweli, kule hakuna machipuko. Neno limetokana na kuchipua, na sisi wa huku ndiyo tunalihitaji zaidi.

Kazi yenu ya wiki hii: muulizeni mzazi au jirani mmoja mkubwa, nyumbani kwao walijuaje kwamba wakati wa kupanda umefika. Mnyama gani, upepo gani, mti gani? Rekodi sauti ya dakika moja ututumie, tutazicheza kwenye kipindi. Dada wa chupa, matokeo ya zile mbegu 20 tunayasubiri kwa hamu, hata zikiwa mbili tu.

Wiki ijayo: balconi ya ghorofa ya saba, ndoo tatu, na pilipili mbuzi. Msikose.